Kilemba cha Mpira

Feruzi, kaa kwanza. Swali lako nalijua, umeniuliza tangu nilipoingia kambini juzi nikiwa na mke, sufuria na mkeka, bila baisikeli yako. Nitakujibu, ila nitakujibu kama gari la moshi linavyokwenda, kituo baada ya kituo. Ukishuka njiani hutafika.

Na nyinyi wengine wa kambi ya reli mliouliza "ilikuwaje, Rama?", nimeona niandike. Nikisimulia kwa mdomo kila mtu ananikatiza, na Feruzi anashika kichwa. Karatasi haikatizwi. Mwandiko mtanisamehe. Shule ya bomani niliiacha kwenye hesabu za kugawanya, siku ambayo mwalimu alitaka kunigawanya mimi.

Mnakumbuka nilikuwa nimemposa Mwajuma, binti wa Mzee Idi wa Kondoa, yule mfanyabiashara wa nta na samli. Mambo ya mbuzi na nguo wazee waliyamaliza. Kilichobaki kilikuwa kilemba, yaani zawadi ya baba wa binti. Wakwe wengine huombwa kanzu, wengine kitambaa cha kichwani chenyewe. Mzee Idi alitaka mpira wa baisikeli. Anayo baisikeli aliyoachiwa na Mgiriki mmoja wa kujenga reli, imening'inizwa darini kama nyama ya kukausha, gurudumu la nyuma uchi. Akatuma neno: mpira mpya, wa nje na wa ndani, ambao haujakanyaga ardhi, ufike Kondoa na mimi mwenyewe kabla ya sala ya Ijumaa. La sivyo, yuko karani mmoja wa kodi, mtu wa kuvaa viatu hata akiwa amelala, naye ameshauliza mara mbili.

Namna nilivyoupata mpira, na namna nilivyoomba ruhusa kazini, naziruka. Hazina utamu.

Dodoma mpaka Makutupora

Niliondoka Jumanne asubuhi. Mpira wa ndani niliukunja nikautia katika mzigo, wa nje haukuingia popote, basi nikauvaa shingoni. Feruzi, wewe ndiye uliyenishikia baisikeli nikipanda, ukasema, "Mpira wa nyuma umechoka kidogo." Kidogo! Ndugu yangu, mpira ule ulikuwa na upara. Ulikuwa laini kama kisogo cha yule mpishi wetu.

Hata hivyo asubuhi ile nilikuwa mfalme. Njia ilikuwa ngumu na kavu, upepo mgongoni. Nikawapita wachukuzi, nikawapita punda, nikampita mzee mmoja nikamwamkia shikamoo kwa mwendo, na marahaba yake ikanifikia nyuma ya kichaka. Nilikuwa naimba. Nadhani ndiyo sababu mwiba haukuvumilia.

Ulikuwa mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole, nao haukutoboa tu, ulichana. Nilipoinama kutazama niliona mpasuko ubavuni, na mpira wa ndani umechungulia nje kama kitovu cha mtoto. Nikaukokota mpaka visima vya Makutupora, jasho likinitoka, na mpira mpya umenizunguka shingo ukinitazama.

Pale kisimani palikuwa na watu na ng'ombe, na Mgogo mmoja wa rika letu, mrefu, masikio yametobolewa yakaning'inia vizuri na mapambo yake, ameegemea fimbo. Jina lake Ndahani. Alinitazama nilivyokuja, akanitazama meno yangu yaliyochongwa, akanisikiliza nikiamkia, akajua kabila langu.

"Mbukwa, Mnyamwezi!" akaniamkia Kigogo. "Siku hizi mnabebeshwa hata vitu vyenye magurudumu?"

Nyote mnajua Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Babu zetu wachukuzi walipita hapa na pembe za ndovu kichwani, babu zao wakakaa kwenye maji wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita. Wakagombana mpaka ugomvi ukaishiwa nguvu, ukabaki mzaha. Mtani akikutukana huna haki ya kununa. Akichukua kitu chako unacheka.

"Mbukwa," nikamjibu. "Na nyinyi siku hizi mnakaa kisimani bure, bila kudai hongo?"

"Nani kasema sidai? Nangoja upumue kwanza. Mtu hakamui ng'ombe anayekohoa."

Nikaiweka baisikeli chini, watu wakaja. Sasa sikilizeni baraza la kisimani. Swali lilikuwa moja tu: mpira huu unafaa bado, au umekwisha na lazima ubadilishwe?

Mama mmoja aliyekuwa akivuta maji aliupima kwa mkono akasema umekwisha kabisa, ila ukichanwa vizuri utatoa kamba nzuri ya ndoo. Mzee wa ng'ombe akasema haujafa, unaumwa, na mgonjwa hapewi urithi wake akiwa bado anapumua. Ndahani akachuchumaa, akaupapasa kama anavyopapasa nundu ya ng'ombe sokoni, akanusa.

"Huu umekufa," akasema. "Nipe nikauzike."

"Utauzika wapi?"

"Hapa." Akanyanyua mguu. Kiatu chake cha ngozi kilikuwa kimekwisha chote, amebaki na kanda tu. Alikuwa anatembea peku lakini kwa heshima.

Nikaona basi kila mtu anaupima mpira kwa haja yake, na mimi nina haja yangu. Nikatafuta gundi, nikaziba mpira wa ndani kwa kiraka, na gundi ikaisha. Lakini ule mpasuko wa nje ulibaki wazi. Ukijaza upepo, kitovu kinatoka tena.

"Si unao mwingine shingoni?" akasema yule mama.

"Huu si wangu. Ni kilemba cha mkwe. Nikiukanyagisha ardhi nimekosa mke."

Ndahani akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Huyu mtu ana njaa na amebeba ugali kichwani! Mtani wangu, wewe nitakusindikiza. Ukioa na mimi sipo, nani atakutukana arusini?"

Ndivyo nilivyopata shahidi wa bwana arusi. Akaomba kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi kwa yule mzee, akailowesha, akaivingirisha juu ya mpasuko manyoya yakiwa nje, akaishona kwa ukano wa ng'ombe. Ikikauka na jua, akasema, itabana kuliko ngoma. Na ili isipasuke, akaipaka samli. Aliipaka vizuri, hakuwa mchoyo. Hiyo samli mtaisikia tena.

Makutupora mpaka Mayamaya

Ngozi ilibana kweli. Sina ubishi na Wagogo kwenye mambo ya ngozi. Ila lilikuwa fundo, na kila gurudumu lilipozunguka fundo lilifika chini, nami nikaruka. Twende, dup. Twende, dup. Nilifika mahali nikawa nazungumza peke yangu kwa vipande.

Mimi nilikuwa na baisikeli na Ndahani alikuwa na miguu, na kila nilipofika kwenye kivuli nilimkuta ameshakaa.

"Umechelewa, mtani. Au hicho kitu ndicho kinachokupanda wewe?"

Jioni tuliingia kwenye tembe moja karibu na Mayamaya. Wanawake waliokuwa uani waliponiona walisimama. Mmoja akaingiza kuku ndani. Mwingine, mama mtu mzima, akaja polepole, ananitazama shingo, macho yamemlegea kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "wamekufunga kwa kosa gani?"

Sikuelewa. Halafu nikakumbuka wale wafungwa wa bomani tunaowaona wakikata majani, wamefungwa pete za chuma shingoni, mnyororo mmoja watu wengi. Na mimi hapa nina pete nyeusi shingoni, nimejaa vumbi, nasukuma kitu cha Mzungu, na nyuma yangu mtu mwenye fimbo.

Nilitaka kueleza. Wallahi nilifungua kinywa nieleze. Lakini Ndahani alinitangulia.

"Alimtukana mkwe wake, mama," akasema kwa huzuni.

"Maskini! Na mnyororo wenzake wameukatia wapi?"

"Wenzake wamekufa kwa njaa."

Basi ikaja sinia. Ugali wa uwele mweusi unaong'aa, mlenda unaovutika mpaka kiwiko, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, na karanga za kuchoma za kutafuna baadaye. Mama akanikalia mbele akiniambia kula, mwanangu, kula, huko mbele hujui. Nyinyi mnanijua. Mtu akiniambia kula, nitaanza kumsahihisha? Nilikula kama mfungwa wa watu wawili. Ndahani alikula kama askari wangu, kwa kunyoosha mgongo.

Tukalala pale. Kilemba nilikivaa shingoni mpaka usingizini. Baisikeli niliiegemeza ukutani nje.

Mayamaya, asubuhi

Asubuhi nilipotoka nilikuta mbwa watatu wamelala kando ya baisikeli yako, Feruzi, wameshiba, wananitikisia mkia kwa shukrani.

Ngozi haikuwepo. Ukano haukuwepo. Walikula vyote, kisha kwa kuwa samli ilikuwa imeingia mpaka ndani, wakautafuna na mpira wa ndani ili kuhakikisha. Mpasuko wa kidole ulikuwa sasa mdomo.

"Ndahani! Njoo uone ngozi yako!"

Akaja, akatazama, akawatazama mbwa, akatikisa kichwa kwa fahari. "Unaona? Ilikuwa nzuri."

"Nzuri nini? Wameila!"

"Mbwa wa Ugogo hawali kitu kibaya."

Nikakaa chini. Mzee mwenye tembe akaja naye akautazama mpira, na swali likarudi upya: umekwisha, haujakwisha? Yeye alikuwa upande wa umekwisha. Alikuwa anataka kipande cha bawaba ya mlango.

"Mzee," nikamwambia, "kama umekwisha nitakwendaje Kondoa?"

"Kwani ulipokuwa huna baisikeli ulikuwa unakwendaje?"

Lakini Kondoa kwa miguu, ukianza Jumatano na mzigo, wenyewe waliniambia utafika Ijumaa jioni, na Ijumaa jioni yule karani atakuwa ameshakula pilau yangu. Nikang'ang'ana na magurudumu. Ndahani, kwa sababu alijua mbwa wake wa Ugogo wameniponza, akakata majani makavu mengi. Tukautoa mpira wa ndani uliotafunwa, tukajaza majani mahali pake, tukashindilia kama godoro, tukafunga kwa kamba za ukindu. Mpira ukasimama. Haukuwa duara kabisa, lakini ulikuwa na nia.

Mayamaya mpaka Chemba

Mmewahi kupanda punda mwenye kwikwi? Basi.

Siku nzima ya Jumatano tulikwenda hivyo, na Alhamisi asubuhi vilevile. Kila tulipopumzika mbuzi wa watu walikuja kunusa gurudumu, na mimi nikasimama na fimbo nikililinda kama shamba. Ndahani akasema ni mara ya kwanza anaona baisikeli inayohitaji mchungaji.

Karibu na Chemba tukasikia "Simama!" Askari. Kofia, bunduki, viatu, kila kitu. Jasho lilikuwa limemtoka, maana alikuwa ametufuata kwa haraka.

"Wewe ndiye mfungwa uliyetoroka na mnyororo?"

Kumbe yule mama wa Mayamaya, kwa huruma yake, alimsimulia kila mpita njia habari zangu, mpaka zikamfikia askari. Hii ndiyo faida ya kula bila kusahihisha.

"Effendi, huu si mnyororo. Ni mpira. Ni kilemba cha baba mkwe."

Akanitazama. Na mimi nilijisikia nilivyosema. Hata mimi nisingeamini.

"Kilemba," akasema.

"Ndiyo, effendi."

"Na hayo majani?"

"Hayo ndiyo upepo, effendi."

Akaanza kufungua kamba kiunoni. Hapo mzaha ukanitoka mwilini. Viboko vya bomani nyote mmeviona, na hata nisipochapwa, kufungwa usiku mmoja tu kulitosha kunikosesha Ijumaa. Akamgeukia Ndahani. "Wewe, unamjua huyu mtu?"

Nikashusha pumzi. Shahidi wangu huyo.

"Namjua," akasema Ndahani. "Ni mwizi. Baba yake mwizi. Babu yake alipita hapa akaiba maji yetu, na bibi yake alikuwa akishika kibuyu."

Ndugu zangu! Nikamkonyeza, nikakohoa, yeye anaendelea. Akafika kwenye mjomba wangu, ambaye hamjui, akamfunga gereza la Bagamoyo. Utani wa kweli hauangalii mahali. Mtani anaona dhambi kukusifu mbele ya watu.

Askari akasimamisha mkono. "Ngoja. Wewe kabila gani?"

"Mgogo."

"Na huyu?"

"Huyu ana kabila? Mnyamwezi."

Askari akatazama kamba yake, akatazama mbingu. Akaikunja tena. "Mimi ni Msukuma," akasema kwa uchovu. "Nimekimbia jua lote hili kwa ajili ya watani." Naye akawa na haki yake, maana Wasukuma na sisi ni nyumba moja. Alimtukana Ndahani kwa muda mrefu na kwa ustadi. Ndahani akarudisha. Nikakaa pembeni nikiwasikiliza huku jua likinitoroka, maana nani atawakatiza watu wenye furaha, na mmoja ana bunduki?

Mwishowe askari akaliendea gurudumu, akalipiga teke. Majani yakamwagika. "Mpira huu badilisha," akasema. "Amri."

"Ndiyo, effendi."

Nikapiga saluti, nikasukuma mpaka ng'ambo ya kilima, halafu nikarudisha majani.

Korongo la mwisho

Ijumaa asubuhi tulifika kwenye korongo la mchanga, na upande wa pili milima ya Kondoa ilionekana wazi. Tulipolivuka nikasikia kitu kama kanzu inachanika. Nikageuka. Mpira ulikuwa umelala mchangani umenyooka, kama nyoka aliyechoka kuwa nyoka. Upande mmoja wote ulikuwa umeachia, na chuma cha gurudumu kilikuwa kinasaga mawe.

Hapo hapakuwa na baraza tena. Hata yule mzee wa Makutupora angesoma fatiha. Mpira umekufa.

Nikakaa kwenye jiwe. Jua lilikuwa linapanda. Kwa miguu, sala ingetukuta njiani. Nikiutia mpira mpya tungewahi, lakini utafika umekanyaga ardhi, na neno la Mzee Idi nilikuwa nalijua. Nikauvua shingoni nikauweka magotini. Ulikuwa bado unanuka upya, vile vinundu vidogo vya mpira mpya bado vinachoma kidole. Nilikuwa nimelala nao, nimekula nao, nimekamatwa nao.

Ndahani, kwa mara ya kwanza tangu Makutupora, hakunitukana. Akaja akakaa. Kisha akauliza, "Mtani, huyo mwanamke yukoje?"

Nikamwambia. Alikuja Dodoma na baba yake kupakia nta kwenye behewa. Mimi nilikuwa chini ya behewa napaka ekseli mafuta, nimejipaka mpaka nyusi. Akainama akachungulia, akauliza, "Wewe unalipaka gari, au gari ndilo linakupaka wewe?" Nikajigonga kichwa kwa kucheka. Nikatoka na nundu. Nundu iliisha, mengine hayakuisha.

"Sasa," akasema Ndahani, "huko Kondoa unaoa mtu au unaoa mpira?"

"Lakini mpira ukifika mchafu baba yake atakataa."

"Atakataa mpira, wewe umo. Mpira ukifika msafi baada ya sala, wewe humo, atakuwa na mpira mzuri wa kumpa karani."

Nilimtazama. Nikaona karani na viatu vyake anapanda baisikeli ya mkwe wangu juu ya mpira wangu. Nikasema bismillahi.

Nikautia mpira wa nje, nikautia na wa ndani, nikashindilia upepo mpaka ukawa mgumu. Ndahani akaukunja ule wa zamani akauvaa yeye shingoni. Kisha, bila kuuliza, akakaa nyuma yangu.

"Shuka! Mizigo imezidi!"

"Kanyaga, Mnyamwezi! Leo ndiyo siku ya kubeba!"

Kondoa

Tuliingia Kondoa kwa mteremko na sikuweza kusimama. Kuku waliruka, mwanamke mmoja alilitupa tenga, Ndahani anapiga yowe la kuswaga ng'ombe. Adhana ilikuwa inaadhiniwa. Nikasimama kwa msaada wa ukuta wa msikiti.

Wazee walikuwa barazani. Mzee Idi alikuwa katikati, kanzu nyeupe, ndevu zimechanwa. Na pembeni, sisemi uongo, viatu viwili vinang'aa, na ndani yake karani.

"Assalamu alaikum. Shikamoo, baba."

"Wa alaikum salaam. Marahaba." Hakunitazama mimi. Alitazama shingo yangu. "Kilemba kiko wapi?"

Nikaelekeza kidole chini.

Akaja, akainama. Wazee wote wakainama naye. Akapitisha kidole juu ya mpira polepole, akafika mahali akasimama, akachomoa mwiba mdogo, akauinua watu wauone. Tukasikia mpira ukipumua, sss.

"Kilemba," akasema Mzee Idi, "ni kitu cha kichwani. Hiki kimetembea. Kitu kilichotembea ni kiatu. Umeniletea kiatu, kijana?"

Karani akakohoa vizuri.

Nilitaka kueleza tangu mwanzo, mwiba, mbwa, askari, lakini sikupata nafasi. Ndahani ndiye aliyejitokeza, na mpira uliokufa shingoni.

"Wazee, mbukwenyi. Mimi ni mtani wa huyu mjinga, nimekuja kumtukana. Ni mjinga kweli. Amekuwa na mpira mzima shingoni, akasukuma baisikeli yenye majani, akafungwa nusu, akalala na hiki kitu kama mtoto mchanga, kwa sababu ya neno lako. Nimemchoka. Leo asubuhi tu ndipo akaona afadhali avunje neno moja ashike lingine. Ulisema mpira usikanyage, na ulisema awahi sala. Lipi lilikuwa kubwa, wazee, mniambie nirudi kwetu."

Wazee wakatazamana. Mlangoni pa pili, upande wa wanawake, kukawa na mnong'ono, kisha akatoka shangazi yake Mwajuma, mama mnene mwenye sauti.

"Kaka Idi, binti yako anauliza."

"Anauliza nini saa hizi?"

"Anauliza: hivi yeye kaposwa na Rama, au kaposwa na mpira?"

Watu walicheka mpaka imamu akatoka kutazama. Ndahani alinitazama kama mtu aliyekuta msemo wake kwa jirani. Mzee Idi alijaribu kutocheka. Ndevu zilimtoroka.

"Haya," akasema. "Mtu amefika kabla ya sala, ndoa itafungwa. Lakini kilemba hakijafika, na neno langu silili. Mpaka kije kilemba ambacho hakijatembea, nitashika hiki kilichotembea." Akaishika baisikeli usukani. "Pamoja na vyote kilivyokuja navyo."

Ndiyo hivyo, Feruzi. Pumua.

Kurudi

Tulirudi kwa miguu, mimi na Mwajuma, tukifuatana na wachukuzi wa baba yake. Pale Mayamaya yule mama aliniona sina pete, nina mke, akapiga vigelegele kwamba nimesamehewa. Sikumsahihisha. Alileta sinia.

Baisikeli yako haijambo. Mzee Idi hajui kuendesha, kwa hiyo haichakai. Kila jioni anaipanda na wajukuu wawili wanamsukuma kutoka msikitini mpaka nyumbani, ameshika usukani, anawaamkia watu. Yule karani ndiye anayemjazia upepo.

Na mpira wako wa nyuma, ule uliochoka kidogo, sikuutupa. Ndahani aliuchana, akaushonea juu ya ngozi ya ng'ombe, vikatoka viatu jozi mbili. Ya kwanza ameivaa mwenyewe, anasema ndiyo hongo ya babu zetu na sasa tumelipa. Ya pili iko hapa mlangoni, nimekuletea wewe. Vaa tuone. Ikikubana, usiniulize kama inafaa au ibadilishwe. Swali hilo nimelichoka.

Ukishavaa, tutafute mpira mpya, twende Kondoa tukaikomboe baisikeli. Safari hii haushikani na gurudumu lolote, na usiwe na wasiwasi juu ya nani ataubeba mpaka ufike haujagusa chini. Nitaubeba mimi, kichwani, njia nzima. Mimi ni Mnyamwezi.